Nyanya za Ndoo Nairobi: Fundo Liko kwenye Maji

Ukiinua macho kwenye ghorofa za Kasarani, Umoja au Lang'ata utaiona mimea ikiwa imepandwa kwenye ndoo za rangi, mitungi ya mafuta ya kupikia iliyokatwa shingo, magunia, hata mabeseni yaliyopasuka. Sukuma wiki na dania hazina maneno, zinakubali karibu popote. Nyanya ndizo huwatoa watu jasho. Mmea unarefuka, unatoa maua, kisha maua yote yanapukutika. Au unazaa vizuri, na tunda likianza kunona linaoza upande wa chini. Au mvua inanyesha siku tatu mfululizo na kufikia wikendi majani yote yamekauka kama yaliyomwagiwa maji moto.

Hapo ndipo ushauri unapomiminika, na mwingi unapingana. Zika maganda ya mayai. Mwaga maziwa. Weka kokoto chini ya ndoo. Mwagilia kila siku. Usimwagilie kila siku. Mpanzi anajaribu hili na lile, anatumia pesa, halafu anaamua kwamba nyanya ni za watu wa Kirinyaga na Loitokitok wenye mashamba.

Mimi sikubaliani na uamuzi huo hata kidogo. Nyanya zinaweza kuzaa vizuri sana kwenye ghorofa ya nne. Ila matatizo haya yanayoonekana kuwa kumi tofauti, mengi yana mzizi mmoja. Shambani, mizizi ya nyanya inaweza kushuka zaidi ya mita moja kwenda kutafuta maji na chakula. Kwenye ndoo haina pa kwenda. Jinsi maji yanavyoingia, yanavyokaa na yanavyotoka katika zile lita chache za udongo ndiko kunakoamua mambo mengi utakayoyaona juu kwenye majani na matunda.

Anza na hesabu ndogo. Mche wa nyanya uliokomaa na kubeba matunda, ukiwa kwenye jua la Februari, unaweza kunywa lita mbili hadi tatu kwa siku. Ndoo ya lita 20 yenye udongo mzuri hushika lita nne au tano za maji ambayo mizizi inaweza kuyafikia. Kwa hiyo una akiba ya siku moja na nusu, labda mbili. Mkebe wa lita tano una akiba ya saa chache tu. Ukitoka kwenda kazini asubuhi, mmea umeshakauka kabla hujarudi. Ndiyo maana nasema lita 20 ndicho kiwango cha chini kwa mche mmoja, mmoja tu, hata ukionekana mpweke siku ile ya kuuhamisha kutoka kitaluni. Vile vinyanya vidogo vidogo vya mviringo vinaweza kuvumilia lita kumi. Ndoo ndogo kuliko hapo iachie dania.

Ndoo za rangi na mitungi ya mafuta ya kupikia inafaa, bora ioshwe vizuri. Mtungi uliowahi kubeba dawa za shambani au kemikali za kiwandani usiuguse, hata ukipewa bure. Toboa matundu matano au sita ya ukubwa wa kidole kwenye kitako, kisha ndoo ikae juu ya vipande vya matofali ili maji yapate njia. Na ukumbuke uzito: ndoo moja ya lita 20 iliyolowa hukaribia kilo 30. Kumi kwenye kibaraza kimoja ni kilo 300, kwa hiyo zipange karibu na ukuta wa nyumba badala ya kuzirundika ukingoni.

Sasa udongo, na hapa Nairobi ina pande mbili. Upande wa Kabete, Kikuyu na Karura ardhi ni nyekundu, yenye rutuba. Upande wa Embakasi, Imara Daima na kuelekea Athi River ni ule mweusi unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mwekundu ni mzuri shambani kwa sababu minyoo, mizizi na mchwa huupasulia njia za hewa. Ukiutia peke yake kwenye ndoo, baada ya kumwagilia mara kadhaa unashikana na maji yanasimama juu. Mweusi ni mgumu zaidi: ukilowa unavimba na kuziba, ukikauka unajitenga na kuta za ndoo, na maji unayomimina yanapita pembeni hadi chini bila kugusa mizizi. Mwenye ndoo anaona maji yakichuruzika sakafuni, anadhani mmea umeshiba.

Mchanganyiko ninaoupenda ni sehemu mbili za udongo mwekundu wa juu, sehemu moja ya samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyoiva kabisa, na sehemu moja ya kitu cha kuulegeza: vile vijiwe vyepesi vya volkano vinavyochimbwa upande wa Longonot, makapi ya mpunga, au kokopiti inayotengenezwa kwa makumbi ya nazi. Samadi ikiwa bado inanuka au ina joto ukiingiza mkono, iache iive. Mbichi itaunguza mizizi. Kabla ya kupanda, jaza ndoo, mwaga jagi moja la maji na utazame. Yakisimama juu kama dimbwi, ongeza cha kulegeza. Yakipita yote mara moja na udongo ukabaki mkavu ndani, ongeza samadi au mboji.

Usichukue udongo kwenye shamba lililolimwa nyanya au viazi. Unaweza kubeba mnyauko wa bakteria, ambao hauna dawa. Mmea ulio kijani kibichi unalala ghafla mchana wakati udongo una maji ya kutosha, na haunyanyuki tena. Ukitaka kuwa na hakika, kata kipande cha shina karibu na udongo na ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache utaona uzi mweupe, kama wa maziwa, ukiteremka kutoka kwenye kidonda. Hapo ng'oa, tupa mmea pamoja na udongo wake, na uoshe ndoo kwa jiki.

Na kokoto za chini ya ndoo? Ziache. Wengi huziweka wakiamini zinasaidia maji kutoka, lakini kinachotokea ni kinyume. Maji hayapendi kutoka kwenye udongo wenye vitundu vidogo kwenda kwenye kokoto zenye nafasi kubwa. Husubiri mpaka udongo wa juu yake ulowe kabisa ndipo yaanze kudondoka. Kwa hiyo ile tabaka ya tope ambayo ingekaa kwenye kitako cha ndoo sasa inakaa juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi, na umepoteza nafasi ya udongo juu yake.

Kitako kinapooza

Hili nitalikalia, kwa sababu ndilo linalowavunja moyo watu wengi zaidi na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Mzee mmoja aliingia agroveti ya mtaani kwetu na kuweka nyanya tatu juu ya kaunta.

"Kijana, nipe dawa ya hii."

"Mzee wangu, hiyo ni ukungu. Pulizia hii kila wiki."

Akalipa, akaondoka na paketi yake. Nyanya zile zilibaki pale kaunta, nami nikazitazama. Kidonda kilikuwa upande wa chini tu, mkabala na kikonyo, kwenye zote tatu. Kilichokuwa kichanga zaidi kilikuwa doa la majimaji lisilofikia shilingi kumi. Cha pili kilikuwa cha kahawia na kimeanza kubonyea. Cha tatu kilikuwa cheusi, bapa, kikavu kama ngozi ya kiatu. Sehemu iliyobaki ya kila tunda ilikuwa safi kabisa. Ukungu haupangi madoa yake hivyo. Huko ni kuoza kitako, na hakuna kidudu wala kijidudu kinachokusababisha.

Kinachokosekana ni kalisiamu mwishoni mwa tunda. Seli za tunda linalokua haraka zinahitaji kalisiamu kujenga kuta zake. Isipofika, kuta zinavunjika na sehemu hiyo inakufa. Lakini udongo wetu mara nyingi hauna upungufu wa kalisiamu. Shida ni usafiri. Ndani ya mmea, kalisiamu husafiri na maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji hayo huvutwa na majani yanapotoa mvuke. Jani hutoa mvuke mwingi, tunda hutoa kidogo sana. Udongo ukikauka, hata kwa nusu siku, majani hujivutia maji machache yaliyopo na tunda linakosa. Tena kalisiamu ikishafika kwenye jani haihami. Mmea hauwezi kuitoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye tunda lenye njaa.

Ukishaelewa hivyo, mengi yanajieleza yenyewe. Maganda ya mayai hayafanyi kitu msimu huu, kwa sababu huchukua muda mrefu mno kuoza, na hata yakioza bado yatahitaji maji ya kuibeba hiyo kalisiamu. Maziwa yanavutia nzi na kunuka. Mbolea ya CAN ina kalisiamu kweli, lakini ina naitrojeni nyingi zaidi, nayo huusukuma mmea kutoa majani mengi ambayo yatanyang'anya tunda maji. Wengi wanaoitia CAN ili kuponya huzidisha tatizo.

Jijini hapa tuna sababu nyingine: mgao. Maji yetu mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, hayatoshi mji wote, na mitaa mingi hupata maji siku fulani tu za wiki. Siku ya maji, kila mtu anajaza matangi na kuilowesha mimea mpaka sakafu inafurika. Siku ya tatu anaanza kubana. Siku ya tano mimea inapata kikombe. Huko kufurika na kukauka ndiko kunakotengeneza kitako cheusi, na ndiko hukohuko kunakopasua matunda: tunda lililozoea ukavu likipata maji mengi kwa ghafla, nyama ya ndani inavimba kuliko ngozi inavyoweza kunyooka.

Kwa hiyo tenga mtungi mmoja wa lita 20 kwa ajili ya nyanya peke yake, ujazwe siku ya mgao na usiguswe kwa kufulia. Kwa mche mmoja, mtungi huo utakufikisha karibu wiki. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Ya sabuni nyingi hayafai. Maji ya kisima kirefu huwa na chumvi nyingi katika sehemu kadhaa za jiji. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, changanya na maji ya mvua, na mara mojamoja mwagilia mengi ili chumvi iteremke na kutoka. Mwagilia asubuhi, kidogo kidogo mpaka yaanze kudondoka chini. Kabla hujamwaga, ingiza kidole mpaka pingili ya pili. Kikitoka na unyevu, subiri jioni.

Kisha funika udongo. Nyasi kavu au majani makavu ya migomba, unene wa vidole vitatu, hupunguza sana maji yanayopotelea hewani, na kazi yake haina gharama. Kwa anayeondoka alfajiri na kurudi usiku, chupa ya soda ya lita mbili iliyotobolewa tundu dogo kwenye kifuniko, ikachomekwa kichwa chini pembeni mwa shina, itadondosha maji polepole mchana kutwa. Matunda yaliyokwisha kuoza kitako yachume, hayatapona. Yatakayofunga baada ya wewe kutuliza maji yatakuwa safi.

Chakula nacho kinateremka

Kila maji yanayotoka chini ya ndoo yanabeba mbolea. Samadi uliyochanganya mwanzoni itaulisha mmea wiki nne hivi, kisha majani ya chini yataanza kugeuka njano, ishara ya njaa ya naitrojeni. Lisha kidogo na mara nyingi: kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya NPK 17:17:17 kila wiki mbili au tatu, kikinyunyizwa mbali na shina kwenye udongo uliolowa. Maua yakishatoka, punguza naitrojeni. Mmea wa kijani kizito, wenye shina nene kama kidole gumba na usio na tunda, umelishwa kupita kiasi.

Jua la ikweta lina kanuni yake

Maelekezo mengi yaliyoandikiwa watu wa Ulaya husema weka nyanya kwenye ukuta unaotazama kusini. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo usiyafuate. Kwetu, kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa anga. Miezi iliyobaki hupita kusini. Kibaraza kinachotazama kaskazini kitapata jua lililoingia ndani zaidi mwezi Juni, ambao kwa bahati mbaya ndio wakati wa mawingu. Kinachotazama kusini kitalipata Desemba na Januari, anga likiwa safi. Mwenye kibaraza cha kusini apande Oktoba. Akipanda Aprili atakuza miche mirembamba isiyozaa, na kosa halitakuwa la mbegu.

Vya mashariki na magharibi hupata jua mwaka mzima, nusu siku. Mimi nachagua mashariki, kwa kuwa jua la asubuhi hukausha umande mapema na mmea unaepuka joto la alasiri. Isipokuwa Julai: asubuhi za Julai hapa hufunikwa na mawingu mazito, na jua likitoka hutoka mchana, kwa hiyo magharibi inapata zaidi. Nyanya inataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita hivi kila siku. Siku ambayo uko nyumbani, tazama kila saa kama jua linaigusa ndoo yenyewe. Ukihesabu chini ya saa nne, au ghorofa ya jirani imekuziba kama ilivyo mitaa mingi ya Pipeline, panda spinachi na usijilaumu.

Mvua, baridi na maua

Ukungu unaoua nyanya Nairobi kwa haraka zaidi ni bakajani chelewa. Unataka vitu viwili: ubaridi wa wastani na jani lililokaa na maji saa kadhaa. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huupa vyote. Doa lake huanza ukingoni mwa jani likiwa la kijivu lililolowa, na asubuhi ukigeuza jani utaona ukungu mweupe pembezoni mwa doa. Ukifika kwenye shina, mmea umekwisha.

Hapa mwenye kibaraza ana bahati kuliko mkulima wa Mwea, kwa sababu ana paa. Mvua isipogusa majani, na wewe mwenyewe usipoyamwagia maji, ugonjwa huu hupata shida kuanza. Mwenye kupanda juu ya paa la ploti atandaze karatasi ya nailoni juu ya nguzo nne, pande zikiwa wazi hewa ipite. Dawa za ukungu nyingi hukinga tu, haziponyi jani lililokwisha kuungua; ukilazimika kupuliza, soma kwenye paketi siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na uziheshimu, maana utakula kachumbari hiyo bila kuipika.

Maua kupukutika ni jambo jingine. Usiku wa Julai Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na chini ya 13 hivi chavua haikomai vizuri. Kama maua yanaanguka Julai, subiri Agosti iishe. Yakianguka Februari, angalia maji kwanza. Na yakianguka wakati wote, pengine ni kukosa mtikiso. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini chavua imefungiwa ndani ya kijirija katikati ya ua na inahitaji kutikiswa ndipo imwagike. Shambani upepo na nyuki wavumao hufanya kazi hiyo. Kwenye kibaraza kilichofungwa kwa grili na kioo, gonga kikonyo cha maua kwa kidole, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kila siku maua yakiwa wazi.

Kuhusu aina, kwa mpanzi wa kwanza napendekeza fupi kama Cal J: inasimama yenyewe kwa fito moja na huzaa kwa wakati mmoja. Anna F1 na Moneymaker ni ndefu, zinataka kamba ya katani kutoka juu na kung'olewa vichipukizi vya kwapani kila wiki. Za fupi usizipogoe hivyo, utapunguza matunda. Aina yoyote uizike kwa kina unapohamisha mche, hadi karibu na majani ya kwanza, kwa kuwa sehemu ya shina iliyozikwa itatoa mizizi mipya.

Wadudu wa kuchunguza ni inzi weupe chini ya majani, utitiri wakati wa kiangazi, na Tuta absoluta, nondo aliyethibitishwa Kenya mwaka 2014, ambaye kiwavi wake huchimba mapito meupe ndani ya jani kisha huingia tundani. Ukiwa na miche minne tu, mkono unatosha. Chuma kila jani lenye pito, lifunge kwenye mfuko na uanike juani.

Vuna tunda linapoanza kubadilika rangi, lingali gumu. Litaivia jikoni, mbali na friji. Na mmea ukishachoka, usipande nyanya nyingine kwenye udongo huohuo, wala hoho, biringanya, viazi au managu, kwa sababu zote ni za ukoo mmoja na hushiriki magonjwa. Ng'oa mizizi, ongeza samadi, kisha weka kunde, vitunguu au sukuma wiki kwa misimu miwili.